Amri au Agizo? Tunavyolisikia Neno "Entole" katika Injili ya Yohana

Jumamosi moja, katika darasa la kipaimara hapa Bariadi, tuliwauliza vijana swali tulilodhani ni jepesi: kuna tofauti gani kati ya amri ya Mkuu wa Wilaya na amri ya Bwana Yesu? Walikaa kimya kidogo. Kisha binti mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono, akasema, "Mchungaji, ya Mkuu wa Wilaya faini yake unalipa hapa hapa. Ya Yesu faini yake utalipa kule." Wenzake wakacheka, nasi tukacheka. Lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani kicheko kilikwisha. Binti yule hakuwa mvivu wa kusoma. Alijibu kile alichofundishwa, na waliomfundisha ni sisi.

Makala haya ni jibu letu lililochelewa kwa binti yule. Tunataka kulitazama neno moja la Kiyunani, "entole", ambalo katika Biblia yetu ya Kiswahili mara nyingi limetafsiriwa "amri". Tutauliza kama limetendewa haki, kwanza na watafsiri, na kisha na sisi wahubiri. Hatuandiki ili kuwatia washarika mashaka juu ya Biblia walizo nazo mikononi. Biblia hizo zimetulea, na kwa hizo tumezika wazee wetu na kubatiza watoto wetu. Tunaandika kwa sababu neno likisikiwa vibaya hata Bwana mwenyewe husikiwa vibaya, na mtu anayemsikia Bwana vibaya anaweza kumkimbia huku akidhani anamtii.

Amri tunazozijua huku kwetu

Mkoa wa Simiyu ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012, na kabla ya hapo sisi wa Bariadi tulikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Lakini neno "amri" halikuanza mwaka 2012. Wazee wetu waliishi chini ya watemi. Wakaja wakoloni na kodi zao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliweka katika nchi ya Usukuma sheria nyingi za kilimo na mifugo: namna ya kulima matuta, kutumia samadi, kupunguza ng'ombe. Asiyetii alitozwa faini. Tulipopata Uhuru tulidhani amri zimepungua, lakini mwaka 1973 kuishi katika vijiji kukawa amri, na wako miongoni mwetu wanaokumbuka jinsi familia zilivyohama na kuacha maboma na miti ya wazazi wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakatokea sungusungu ili kupambana na wezi wa ng'ombe, na hao nao wakawa na amri zao. Mwano ukipigwa, mwanamume asiyetoka na silaha yake atatozwa faini, na akizidi ukaidi atatengwa, asipewe hata moto wa kuwashia jiko.

Hatusemi kwamba amri hizo zote zilikuwa mbaya. Mkulima wa pamba anajua kwamba kung'oa na kuchoma mabua baada ya mavuno kunazuia wadudu wasivuke kwenda msimu mwingine. Hiyo ni amri yenye faida, hata kwa yule anayeitii kwa kunung'unika. Lakini amri zote hizi zina sura moja. Mtoaji yuko mbali, au yuko juu. Faini iko karibu. Na anayetii halazimiki kumpenda aliyeamuru. Bwana Shamba haulizi kama unampenda. Anauliza kama mabua yameng'olewa.

Neno lenyewe linabeba sura hiyo. "Amri" tumelipokea kutoka Kiarabu, na ndugu yake ni "amiri", kama tunaposema Amiri Jeshi Mkuu. Ni neno la mwenye jeshi. Basi mtoto wa Bariadi anaposikia kanisani kwamba Yesu ametoa amri, anasikia kwa masikio ambayo tayari yamejaa faini na sungusungu. Kosa haliko kwenye masikio yake. Kazi ya mhubiri ilikuwa kumweleza kwamba anayesema hapa ni mwingine.

Neno moja, watoaji wawili

Katika Agano Jipya "entole" linapatikana zaidi ya mara 60. Linatokana na kitenzi "entellomai", maana yake kumkabidhi mtu jambo la kufanya. Hatuna budi kusema kweli: si neno laini. Watafsiri wa kale walioligeuza Agano la Kale kuwa Kiyunani walilitumia kwa ajili ya amri za Mungu alizopewa Musa. Linaweza kubeba uzito wa kifalme. Lakini pia linaweza kuwa ujumbe mdogo baina ya marafiki. Katika Matendo ya Mitume 17:15, Paulo akiwa Athene anawapa "entole" wale waliomsindikiza, ili Sila na Timotheo wamfuate upesi. Katika Wakolosai 4:10, kanisa limepokea "entole" kuhusu Marko, nayo ni kwamba akifika wamkaribishe. Hapo hakuna faini wala jeshi. Kuna mtu anayewaamini wenzake na kuwaachia neno.

Ndani ya Injili ya Yohana neno hili linatokea mara kumi, na mtu akizisoma zote kwa pamoja ataona jambo la kushangaza. Katika 11:57 wakuu wa makuhani na Mafarisayo wametoa "entole" kwamba yeyote anayejua Yesu alipo atoe habari, ili akamatwe. Sura mbili mbele, katika 13:34, Yesu yule anayetafutwa anawapa wanafunzi wake "entole" mpya, wapendane. Neno ni lile lile. La kwanza linamtafuta mtu ili auawe, na la pili linatoka kinywani mwa mtu huyo huyo anayetafutwa. Kwa hiyo Yohana mwenyewe anatuonya: usiniulize tu neno hili lina maana gani, uliza nani amelitoa, kwa nani, na kuna nini kati yao.

Sasa tuje kwenye tafsiri yetu. Katika Union Version ya mwaka 1952, ambayo ndiyo wengi wetu tunaisoma ibadani, "entole" ya makuhani katika 11:57 ni "amri". "Entole" ya Yesu kwa wanafunzi katika 13:34 nayo ni "amri". Lakini fungua 10:18, pale Mchungaji Mwema anaposema kwamba anautoa uhai wake kwa hiari na kwamba hilo amelipokea kwa Baba. Kiyunani kinasema "entole". Kiswahili chetu kinasema "agizo". Fungua tena 12:50, ambapo "entole" ya Baba ni uzima wa milele. Kiswahili chetu kinasema tena "agizo".

Maana yake ni hii. Jambo linapotoka kwa Baba kwenda kwa Mwana, tunasoma agizo. Linapotoka kwa Mwana kuja kwetu, tunasoma amri. Yohana hakuweka ukuta huo. Yeye alitumia neno moja, na kwa neno hilo moja alifunga kamba kutoka kwa Baba, kupitia kwa Mwana, mpaka kwetu. Kile Yesu alichopokea kwa Baba ndicho cha namna ile ile anachotupa sisi. Katika 15:10 kamba hiyo inaonekana wazi, kwa kuwa hapo hata tafsiri yetu inatumia "amri" pande zote mbili: tuzishike za Mwana na kukaa katika pendo lake, kama yeye alivyozishika za Baba na kukaa katika pendo lake. Lakini msomaji aliyeanza na "agizo" katika sura ya 10 na kufika kwenye "amri" katika sura ya 13 hawezi kujua kwamba amekuwa akishika kamba ile ile.

Chaguo la watafsiri lina faida yake, na haki inatutaka tuitaje. "Amri mpya" inakaa vizuri kando ya Amri Kumi. Msikilizaji anaelewa mara moja kwamba Yesu anasema kwa mamlaka, si kama mwalimu mmoja kati ya wengi. Hiyo ni faida kubwa. Lakini hasara nayo ni kubwa: tumepata mamlaka ya Yesu na kupoteza undugu wake nasi katika kutii. Amri yake tunaiona ikishuka kutoka juu, wala hatuoni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameibeba kabla hajatutwika.

Kuaga na kuagiza

Kiswahili chenyewe kingeweza kutusaidia hapa kama tungekisikiliza. Kuaga, kuagana, kuagiza, agano, agizo. Maneno haya yanakaa nyumba moja. Anayeaga ndiye anayeagiza. Na Kisukuma kinajua jambo hili, kwa maana tunasema kulagila na malagilo. Msomaji aliyelelewa na bibi yake kijijini apime mwenyewe neno hilo linavyosikika moyoni kuliko tangazo la mtendaji wa kata.

Fikiria mama anayepelekwa Bugando, Mwanza, kwa matibabu. Basi la asubuhi linangurumia stendi ya Bariadi. Anamwita mtoto wake mkubwa kando, anamshika mkono: wadogo zako wasilale njaa, yule mdogo ukimwogesha mfunike, msigombane. Halafu anapanda basi. Je, kuna faini hapo? Hakuna. Kuna mtendaji atakayekuja kukagua? Hakuna. Lakini tuulize ni mtoto gani mwenye akili timamu ambaye angeona maneno yale ni mepesi kuliko amri ya kung'oa mabua ya pamba. Atayabeba usiku na mchana. Akichelewa kupika atajisikia vibaya, si kwa sababu atachapwa, ila kwa sababu ya ule mkono wa mama. Na mama mwenyewe anaagiza vile alivyokuwa akifanya siku zote. Hakuna jambo katika agizo lake ambalo mtoto hakuliona kwanza mikononi mwa mama.

Hiyo ndiyo Yohana 13. Ni usiku wa kuaga. Yesu anajua kwamba saa yake imefika. Kwanza anavua vazi, anajifunga taulo, anawaosha miguu wanafunzi, hata yule atakayemsaliti. Baada ya hapo ndipo anatoa "entole" mpya. Kupendana hakukuwa jambo jipya, kwa maana Mambo ya Walawi 19:18 lilikwisha kumtaka Mwisraeli ampende jirani yake kama nafsi yake. Upya uko katika kipimo: kama mimi nilivyowapenda. Kwa hiyo mtoaji mwenyewe ndiye kipimo, na miguu ya wanafunzi bado ina maji. Makanisa ya Magharibi yaliyosoma Biblia kwa Kilatini yaliita neno hilo "mandatum", neno linalounganishwa na kutia kitu mkononi mwa mtu, na kwa sababu hiyo kuosha miguu kukawa sehemu ya Alhamisi Kuu. Kutia mkononi. Mama wa stendi angeelewa.

Neno ambalo Paulo alikataa kulitumia

Sasa tuje kwenye sehemu ya makala haya ambayo inatuuma sisi wenyewe. Kiyunani kina neno jingine la amri, "epitage", na kitenzi chake "epitasso". Hili ndilo neno la kuamuru kutoka juu. Katika Injili, Yesu huwaamuru hivyo pepo wachafu, na pepo hutoka (Marko 1:27). Upepo na maji huamriwa hivyo, navyo hutii (Luka 8:25). Herode anamwamuru hivyo askari akalete kichwa cha Yohana Mbatizaji (Marko 6:27). Je, Yesu huwaamuru wanafunzi wake kwa neno hilo? Marko 6:39 lina mfano mmoja wa kupendeza: anaamuru watu wote waketishwe kwenye majani mabichi. Na kwa nini waketi? Ili wale mkate.

"Epitage" lenyewe linatokea mara saba tu katika Agano Jipya, na Paulo analitumia kwa hadhari. Akizungumza juu ya Mungu kumweka kuwa mtume, haoni aibu kulitumia, kama katika 1 Timotheo 1:1. Mungu anayo haki hiyo. Lakini anapowaandikia Wakorintho juu ya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, anasema wazi katika 2 Wakorintho 8:8 kwamba hasemi kwa njia ya amri. Na katika 1 Wakorintho 7:25, akiulizwa juu ya wanawali, anakiri kwamba hana amri ya Bwana, anatoa shauri lake. Kwa Filemoni anakwenda mbali zaidi: angeweza kuamuru, lakini kwa ajili ya upendo anasihi (Filemoni 8 na 9). Mtume wa Yesu Kristo, aliyeandika sehemu kubwa ya Agano Jipya, alijua kutofautisha kati ya neno la Bwana na neno lake mwenyewe. Tena alikataa kuuvalisha mchango joho la amri, hata mchango ule ulipokuwa mwema.

Tafsiri yetu inazikusanya "entole" na "epitage" pamoja chini ya paa moja la "amri" na "kuamuru". Msharika asiyesoma Kiyunani hana namna ya kuona mlango ulio katikati. Mhubiri anao wajibu wa kumwonyesha mlango huo. Sisi tuliufunga.

Miaka michache iliyopita, katika mtaa mmoja tuliokuwa tukiuhudumia, tulikuwa tunaezeka kanisa. Wazee wa kanisa walikubaliana kila familia ilete bati mbili. Michango ilisuasua. Jumapili moja, wakati wa matangazo, tukasimama tukasema kwamba jambo hili si ombi tena, ni amri, na kwamba anayempenda Yesu atazishika amri zake. Tulilitumia Yohana 14:15 kuezekea paa. Siku hiyo tuliona tumehubiri kwa nguvu, na bati zikaja.

Baada ya muda tukagundua kwamba bibi mmoja mjane hatumwoni tena. Tulidhani anaumwa. Tulipomtembelea tulimkuta mzima, anapepeta mtama uani. Tukasalimiana, tukaketi, tukamwuliza mbona hatumwoni mezani pa Bwana. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, mwaka huu pamba yangu ilikuwa haba. Bati sikuzipata. Nami nilidhani Bwana ndiye aliyesema bati mbili."

Alikuwa amejitenga mwenyewe na Chakula cha Bwana. Hakuna baraza lililomtenga. Tulimtenga kwa neno moja lililotumiwa vibaya. Alikuwa ametuamini kuliko tulivyostahili kuaminiwa. Tulimwomba radhi pale pale uani, na Jumapili iliyofuata tukaomba radhi mbele ya mtaa mzima kwa kutumia jina la Bwana kutimiza bajeti. Bibi akarudi mezani. Bati hakuleta, na hakuna aliyemwuliza.

Tumeliandika tukio hili kwa sababu tunaamini si letu peke yetu. Ahadi, mavuno, jengo, sare ya kwaya, kiingilio cha semina: ni mara ngapi tumeambiwa, au tumesema, kwamba Bwana ameamuru? Kutoa ni jambo la imani, na kanisa lisilotoa limelala. Lakini kiasi cha bati ni uamuzi wa baraza. Baraza linaweza kuomba, kuhimiza, hata kupanga kwa ukali. Haliwezi kutia sahihi ya Yesu chini ya kumbukumbu zake za kikao.

Kaka mkubwa na mashamba ya baba yake

Kuna mtu mmoja katika Maandiko aliyelisikia neno "entole" kama binti yetu wa kipaimara alivyolisikia. Ni kaka mkubwa katika Luka 15. Ndugu yake amerudi, ndama amechinjwa, ngoma zinasikika, naye amesimama nje. Katika mstari wa 29 anamwambia baba yake kwamba miaka hii yote amemtumikia, wala hakuvunja "entole" yake hata mara moja. Kitenzi cha kutumikia anachotumia ni kile cha mtumwa. Alikuwa mwana, akafanya kazi kama mtumwa. Alikuwa na agizo la baba, akalisikia kama amri ya bwana shamba. Alitii yote, na hakuna faini aliyowahi kutozwa. Lakini baba alipofurahi, yeye hakuwa na furaha ya kushiriki. Utii wake ulikuwa umemleta mpaka mlangoni tu.

Tunaogopa kwamba tunawalea washarika wengi kuwa kaka wakubwa: watu wasiokosa ibada, wasiodaiwa ahadi, na wasioweza kufurahi yule aliyepotea anaporudi kundini. Tukishangaa kwa nini wanapokelewa kwa uso mkavu wale wanaorudi, tuanze kwa kuuliza tuliwafundishaje neno "amri".

Je, basi ni ushauri tu?

Tunalisikia swali la ndugu zetu wenye hofu njema. Wanasema: mkiishusha amri ikawa agizo, kesho itakuwa ushauri, na kesho kutwa kila mtu atafanya apendavyo. Hofu hiyo ina msingi, maana wako wanaohubiri leo kwamba Yesu haagizi kitu, anabariki tu. Hao nao wamekosea, na pengine kosa lao ni zaidi. Paulo katika Warumi 7 anaitaja "entole" mara sita ndani ya mistari sita, toka wa 8 hadi wa 13, naye anasema ni takatifu, ya haki na njema, hata anapokiri kwamba dhambi iliitumia kumwua. Sisi Walutheri tunaofundishwa kutenganisha Sheria na Injili hatuna ruhusa ya kuifuta Sheria ili Injili ipate nafasi.

Lakini tutazame Sheria yenyewe inavyoanza. Zile tunazoziita Amri Kumi, Kiebrania cha Kumbukumbu la Torati 4:13 kinaziita "maneno kumi". Na kabla ya kukataza lolote, Mungu anajitaja: yeye ndiye aliyewatoa watu hawa Misri, katika nyumba ya utumwa. Uhusiano umetangulia, agizo limefuata. Martin Luther alilielewa hilo alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529. Katika maelezo ya kila amri, hata ile ya kutoiba, alitanguliza kumcha Mungu na kumpenda. Vijana wetu wanakariri maelezo hayo kwa ajili ya kipaimara, kisha sisi tunawauliza amri ni ya ngapi, badala ya kuwauliza kwa nini kila maelezo yanaanza kwa kupenda.

Agizo la mama wa stendi si ushauri. Mtoto hakuambiwa, "Ukiona inafaa, wape wadogo zako chakula." Tofauti ya amri ya faini na agizo la upendo haiko katika uzito, maana agizo linaweza kuwa zito zaidi. Tofauti iko katika kinachombeba mtu. Ndiyo maana 1 Yohana 5:3 inaweza kusema kwamba "entole" za Mungu si mzigo mzito, ingawa Yohana huyo huyo anatutaka tuutoe uhai wetu kwa ajili ya ndugu.

Neno ambalo Yohana hutumia kwa kutii "entole" nalo linasaidia. Ni "tereo": kulinda, kutunza. Ni neno la divai njema iliyotunzwa mpaka mwisho wa arusi (Yohana 2:10). Kiswahili kimelitafsiri "kushika", na hapo tunawapongeza watafsiri, kwa kuwa mtu hushika kile kilichotiwa mkononi mwake. Mkulima wa Simiyu anajua kutunza mbegu. Njaa inaweza kuingia, mahindi yakaisha, lakini kile kibuyu cha mbegu hakiguswi. Hakuna sheria inayomkataza kukila. Anakitunza kwa sababu ndani yake kuna msimu ujao.

Maombi yetu kwa wasomaji

Hatupendekezi kwamba Biblia zetu zichapwe upya wala kwamba tuache kusema "amri". Neno limekwisha kuota mizizi, na mti haung'olewi kwa sababu umepinda kidogo. Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza ni kwa wahubiri, wainjilisti na wazee wa kanisa: kabla ya kusema "Bwana ameamuru", tufungue Biblia tuone kama ni Bwana, au ni Paulo anayeshauri, au ni kikao chetu cha Jumatano. Kikiwa ni kikao, tuseme ni kikao. La pili ni kwa kila msharika: Alhamisi Kuu ijayo, kabla ya kuja ibadani, soma Yohana 10:18, kisha 12:50, kisha 13:34, na katika kila mstari weka neno moja lile lile, agizo. Soma kwa sauti, watoto wasikie.

Tulirudi kwenye darasa lile la kipaimara Jumamosi iliyofuata. Tulisoma mistari hiyo mitatu pamoja, tukaeleza habari za mama na basi la Mwanza. Yule binti alisikiliza, kisha akauliza, "Mchungaji, sasa nisipofanya?" Tulimjibu kwamba mama atarudi, na kwamba atawauliza wadogo zake kama walikula. Aliinamisha kichwa akaandika kitu kwenye daftari lake. Safari hii hakuna aliyecheka.